Kocha wa Shela anauliza: malengo yanawajenga waogeleaji wangu au yanawavunja?

Swali: Assalaam alaykum, Mwalimu. Nafundisha vijana kuogelea hapa Shela, Lamu, wa kike na wa kiume, umri wa miaka 12 hadi 17. Bwawa hatuna, tunaogelea baharini. Kabla ya mashindano ya Maulidi yaliyopita niliandika lengo moja ubaoni kwa herufi kubwa: LAZIMA TUWE WA KWANZA. Bora wetu alitoka wa nne. Wawili walikatiza njiani wakapanda mashua ya uokoaji, na tangu siku hiyo hawajarudi mazoezini. Mwenzangu anayenisaidia anasema malengo yanawatia watoto presha bure, niwaambie tu wajitahidi kadiri ya uwezo wao. Mimi naona bila lengo watakuwa wanacheza majini. Nani kati yetu yuko sawa? Na nikiweka lengo la muda, niweke dakika ngapi? Je, zawadi inasaidia?

Jibu: Wa alaykum salaam, Kocha. Nianze na hao wawili waliopanda mashua.

Mtoto aliyeambiwa lazima awe wa kwanza ana lengo mpaka pale atakapoinua kichwa na kuona wenzake wawili wamemtangulia. Kuanzia hapo hana tena. Yuko katikati ya mkondo, mabega yanauma, maji ya chumvi yamemwingia kooni, na hakuna neno hata moja katika lile uliloliandika ubaoni linalomwambia sasa afanye nini. Kuwa wa tatu hakukuandikwa. Kumaliza hakukuandikwa. Mashua ikipita karibu, kwa nini asipande? Mimi siwezi kumwita mwoga.

Jambo hili limeonekana hata kwa watu wazima. Mwaka 2017 watafiti wanne wa Marekani walichapisha uchambuzi wa muda wa kumaliza mbio za marathoni, karibu mara milioni kumi za watu kufika mwisho. Walikuta wakimbiaji wamerundikana kabla tu ya saa 3, kabla tu ya saa 4, kabla tu ya saa 5, na baada tu ya hapo idadi inashuka ghafla. Anayeona bado ana nafasi ya kuiwahi saa 4 hujikamua kilomita za mwisho. Aliyeona imeshampita hana tena cha kumsukuma. Lengo lina nguvu, hilo halina ubishi. Ila nguvu yake hudumu muda ule tu mchezaji anapoliona bado liko mikononi mwake.

Kwa hiyo mwenzako amekosea kuhusu malengo, na wewe umekosea kuhusu lengo gani.

“Jitahidi kadiri uwezavyo” ni kauli iliyopimwa mara nyingi sana katika utafiti wa malengo, na mara nyingi imeshindwa. Edwin Locke, mwanasaikolojia wa Marekani, aliandika mwaka 1968 kwamba mtu mwenye lengo mahususi na gumu hufanya vizuri kuliko aliyeambiwa ajitahidi tu. Sababu yake ni nyepesi. Aliyeambiwa ajitahidi hana pa kujulia kwamba hajafika. Kila akichoka anaweza kujiambia, tena kwa moyo safi kabisa, kwamba uwezo wake umeishia hapa.

Mfano ninaoupenda hautoki michezoni. Mwaka 1975 Gary Latham na mwenzake walichapisha habari za madereva wa malori ya magogo huko Oklahoma. Malori yalikuwa yakiondoka msituni na asilimia 60 hivi ya uzito unaoruhusiwa kisheria. Madereva wakapewa lengo la asilimia 94, bila nyongeza ya mshahara. Mwezi wa kwanza mzigo ukapanda. Mwezi wa pili ukashuka: madereva walikuwa wanapima kama wasipofika wataadhibiwa. Hawakuadhibiwa. Mwezi wa tatu mzigo ukapita asilimia 90, ukakaa huko. Huo mwezi wa pili uukumbuke, Kocha, maana utakuja Shela pia. Watoto watalegea makusudi waone utafanya nini, na siku utakayofoka ndiyo siku watakayoanza kukudanganya hesabu.

Locke na Latham baadaye walifanya kazi pamoja miaka mingi, na maelezo yao ya kwa nini lengo hufanya kazi bado yanasimama. Lengo huelekeza macho mahali pamoja, huongeza nguvu anayoitoa mtu, humfanya asikate tamaa mapema, na humlazimisha kutafuta mbinu pale nguvu peke yake isipotosha. Lakini waliweka na masharti. Mwenye lengo awe amelikubali. Awe na uwezo wa kulifikia. Na apate kujua, njiani, amefika wapi. Lengo lako la ubaoni lilianguka kwenye masharti yote matatu: hukuwauliza, hukujua wapinzani wana kasi gani, na aliye majini hana namna ya kujua yuko wa ngapi ila kwa kuinua kichwa, na akikiinua miguu inazama na mwendo unakatika.

Michezoni faida ya malengo ilionekana ndogo kuliko viwandani, na wataalamu walibishana sana kwa nini. Sababu moja inachekesha kidogo. Katika majaribio, kundi lililoambiwa “jitahidini tu” lilikuwa linajiwekea malengo yake kimyakimya. Nani amewahi kuwaweka vijana wawili kando kwa kando wafanye mazoezi ya tumbo, mmoja asihesabu ya mwenzake? Mwaka 1995 Kyllo na Landers walikusanya tafiti 36 za michezo na mazoezi ya mwili wakaonyesha kwamba malengo kweli husaidia, na yale ya ugumu wa wastani yalisaidia zaidi ya yale magumu kupita kiasi.

Kazi ninayokutaka uishike zaidi ni ya mwaka 2022, uchambuzi mwingine uliojumlisha tafiti 27. Watafiti wake waliyatenga malengo ya aina tatu. Lengo la matokeo ni kumshinda mtu: kuwa wa kwanza, kumpita fulani. Lengo la kiwango ni kujipima na wewe mwenyewe: kupunguza muda wako, kuongeza umbali wako. Lengo la tendo linahusu mwili unafanya nini sasa hivi: jinsi unavyovuta maji, unavyotoa pumzi, unavyoangalia njia. Kwa kipimo cha ukubwa wa athari, lengo la tendo lilipata 1.36, la kiwango 0.44, na la matokeo 0.09, yaani karibu na bure. Hizo namba usizichukue kama kipimo cha mizani ya dhahabu, tafiti zenyewe zinatofautiana sana, lakini mpangilio wake unaendana na kila ninachokiona majini na viwanjani. Nahodha mwenye akili, mashua ikiwa inabishana na upepo, hawapigii mabaharia kelele za “shindeni!” Anamwambia mmoja avute demani na mwingine ahamie upande wa pili.

Kwa watoto wako kuna sababu nyingine ya kuanza na tendo: bado wanajifunza. Mwaka 1989 Kanfer na Ackerman walichapisha majaribio waliyofanya na askari wapya wa jeshi la anga la Marekani, waliokuwa wakijifunza kwenye kompyuta kazi ya mwongozaji ndege anayekaa ardhini. Waliopewa lengo gumu la alama tangu mwanzo, kabla hawajaielewa kazi, walivurugika. Akili iliyokuwa inahitajika kujifunza ilikuwa inahesabu alama. Miaka minane baadaye Zimmerman na Kitsantas wakawafundisha wasichana wa sekondari kurusha vishale. Kuna waliolenga alama tu, kuna waliolenga hatua za mkono tu, na kuna walioanza na hatua za mkono, kisha zilipowakaa wakahamia kwenye alama. Hao wa mwisho ndio waliofanya vizuri kuliko wote.

Hiyo ndiyo ratiba ya kikosi chako. Aliyeingia majini mwaka huu asisikie habari ya dakika kabisa. Aliye na miaka mitatu ya mazoezi, ambaye mkono wake unajiendea wenyewe, huyo unaweza kumpa saa.

Lengo la tendo lionekane vipi? Lisiwe “ogelea vizuri”. Liwe kitu ambacho wewe uliye ndani ya mashua unaweza kukiona, na yeye anaweza kukihesabu. Kwa mmoja: toa pumzi yote ndani ya maji kabla hujageuza uso, ili ukigeuka uvute tu. Watoto wengi hutoa na kuvuta pumzi kwa mgeuko mmoja, ndiyo maana wanameza maji wakichoka. Kwa mwingine: kila mikono kumi inua macho peke yake, si kichwa kizima, uutafute mnara wa Msikiti wa Ijumaa. Ule mnara mweupe unaonekana mbali, na anayeutazama mara kwa mara haendi kombo. Nimeona vijana wenye kasi wakiogelea njia ndefu kuliko wenzao kwa sababu tu walikuwa wanaangalia aliye kushoto kwao badala ya kuangalia mwisho. Kwa wa tatu: hesabu mikono yako toka mashua ile iliyotia nanga mpaka hii, leo 48, tutafute 45 kwa kuvuta maji mpaka kwenye nyonga. Mpe kila mmoja lengo moja tu. Akipewa matatu atayasahau yote akishapigwa na wimbi la kwanza.

Sasa dakika. Unaniuliza uweke ngapi, nami nakuuliza: maji yalikuwa yanakwenda wapi?

Tuseme kijana wako anaogelea mita moja kwa sekunde katika maji yaliyotulia. Mita 500 atazimaliza kwa dakika 8 na sekunde 20. Mpe mkondo wa nusu mita kwa sekunde unaomsukuma: dakika 5 na sekunde 33. Ugeuze mkondo huo huo umkabili: dakika 16 na sekunde 40. Ni mtoto yule yule, siha ile ile, chai ya asubuhi ile ile. Ukimsifu siku ya kwanza na kumlaumu siku ya pili umesifu na kulaumu bahari.

Na kama mnapima kila Jumamosi saa mbili asubuhi, mmejitegea mtego bila kujua. Maji huchelewa kwa dakika 50 hivi kila siku. Zidisha kwa siku saba, unapata karibu saa sita, na saa sita ndiyo tofauti ya maji kujaa na maji kupwa. Kwa hiyo Jumamosi hii mmepima yakiwa yamejaa, Jumamosi ijayo mnapima yakiwa yamekupwa, na wiki hii ikiwa ya bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, ijayo ni ya maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo. Vijana wanaona muda unapanda na kushuka, wanajiona leo wazima kesho wabovu, na kumbe hawajabadilika. Hapo lile sharti la tatu, la mtu kujua amefika wapi, limeharibika kabisa. Lengo zuri lenye kipimo kibovu hukatisha tamaa kuliko kutokuwa na lengo.

Acheni kalenda ya ukutani, pimeni kwa mwezi mwandamo. Chagueni siku za maji mafu, tarehe 8 hivi na tarehe 23 hivi, wakati mkondo ni dhaifu, na muanze pale maji yanaposimama kabla ya kugeuka. Saa hiyo usiitafute kwangu, waulize wavuvi na wenye mashua hapo gatini. Kati ya vipimo hivyo viwili kuna majuma mawili, muda wa kutosha mtoto kufanyia kazi jambo moja. Kama wasichana wanaogelea saa tofauti na wavulana, usilinganishe dakika zao, maana hawakuogelea bahari moja. Na wakati wa kusi, mawimbi yakiwa makubwa, andika tu “kusi” kwenye daftari na usitake rekodi ya mtu. Faida nyingine: Maulidi nayo yanafuata mwezi mwandamo. Waandaaji wakishataja tarehe na saa, mtajua mapema maji yatakuwa yanaelekea wapi siku hiyo, na mtafanya mazoezi katika maji ya namna hiyo.

Mkishapata vipimo vitatu vya kuaminika kwa kila kijana, tafuta wastani wake, halafu punguza kidogo. Mwenye wastani wa dakika 10 aelekee dakika 9 na sekunde 45. Akifika mara mbili, punguza tena. Asipofika kwa vipimo vitatu mfululizo, usimwambie aongeze bidii. Rudi kwenye tendo, angalia mkono wake unaingiaje majini, kwa sababu pengine nguvu anayo tele ila anaimwaga. Na lengo lake aliseme yeye kwanza, wewe ulirekebishe. Utashangaa, wengi hujiwekea gumu kuliko ambalo ungewapa.

Daftari liwe la mtoto mwenyewe. Baada ya mazoezi, kabla hajaenda nyumbani, aandike tarehe ya mwezi, maji yalikuwaje, lengo lake la tendo lilikuwa lipi, na lilimtokea au lilimponyoka. Mistari miwili inatosha. Ukikusanya madaftari usisahihishe hijai, hapo si chuoni.

Je, ufute “tuwe wa kwanza”? La. Vijana wanataka kushinda, na kujifanya ushindi hauna maana ni kuwadharau. Uache ubaoni kama ndoto ya kikosi, lakini siku ya mashindano usiutaje tena. Asubuhi hiyo kila mmoja aingie majini na neno lake moja: pumzi, au mnara, au nyonga. Na kila mmoja awe na ngazi tatu alizokubaliana na wewe tangu siku kabla. La chini ni kumaliza akiwa anapumua kwa mpango wake. La kati ni muda wake. La juu ni nafasi. La juu likimponyoka katikati ya mkondo, la chini bado linamngoja.

Wakikuuliza lengo gumu kupita kiasi lina maana gani basi, wape habari za Faith Kipyegon, mwanariadha wa Kenya. Juni 2025 huko Paris alijaribu kukimbia maili moja chini ya dakika 4, jambo ambalo hakuna mwanamke aliyewahi kulifanya. Hakulifikia. Alimaliza kwa dakika 4 na sekunde 6 na ushee, na kwa kuwa mbio zile ziliandaliwa kwa namna ya pekee haikuhesabiwa kuwa rekodi rasmi. Lakini rekodi yake mwenyewe ya dunia, ya Monaco mwaka 2023, ni dakika 4 sekunde 7.64. Amekosa lengo na hapo hapo amekwenda kasi kuliko alivyowahi kwenda. Ila huyo ni bingwa mzima, aliyelichagua lengo hilo mwenyewe, akiwa na watu wa kumshikia mwendo na kocha anayemjua. Usimbebeshe mtoto wa miaka 13 lengo la namna hiyo ukasema umejifunza kwa Kipyegon.

Zawadi: ukiwa nayo, itoe kwa daftari lililojazwa, si kwa nafasi. Basi.

Wamebaki wale wawili. Usiwatumie ujumbe kwa simu wala kupitia kwa wenzao, nenda kwao, uwasalimie wazazi, uzungumze na kila mtoto peke yake. Usimwahidi kwamba safari hii atashinda. Muulize anataka nini majini. Huenda mmoja akakwambia hataki mashindano tena, anataka tu kuogelea na wenzake jioni. Mpokee hivyo hivyo, na umpe lengo lililo wazi, lisilo na namba: “Leo tuone utafika wapi.” Kundi la Christian Swann huko Australia limeyapima malengo ya namna hii kwa watu wanaotembea kwa mazoezi, na yanaelekea kumfaa hasa mtu anayeanza au anayerudi, kwa sababu hana pa kushindwa. Huyo wa pili, kama atasema bado anataka kushindana, mwanzishe kwenye maji mafu, umbali mfupi, wewe ukiwa kwenye mashua karibu naye. Mwambie mapema kwamba kupanda mashua kunaruhusiwa siku yoyote atakapozidiwa. Hilo la mwisho waambie wote, na wazazi wao wasikie.